Pampu ya Kuinamia

Nyumbani, 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mgongo wa Bibi, ambao yeye anasema haujambo ingawa anaushika kila akiinuka. Mama anakusalimu. Baba bado yuko kwenye kazi ya barabara na tunamtegemea mwisho wa mwezi. Mdogo wangu, yule tunayemwita Kifutio kwa sababu sahani ikipita kwake haihitaji kuoshwa, ameanza darasa la kwanza na tayari amemshauri mwalimu wake aongeze muda wa mapumziko.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema salamu zikizidi msomaji husinzia, kwa hiyo naingia kwenye habari yenyewe. Shangazi, tumepata pampu! Mafundi walikuja na gari, wakachimba kisima nyuma ya zahanati, wakamwaga sakafu ya saruji yenye mfereji wa kupitisha maji yanayomwagika. Maji yake hayana rangi wala harufu. Niliyatia kwenye glasi, nikaiweka mbele ya kitabu changu, na nikasoma maneno kupitia kwenye maji. Ukifanya hivyo kwa maji ya mtoni unasoma tope.

Kasoro ni moja tu. Mpini wa pampu uko chini mno. Kule kijiji cha pili wana pampu ya aina hiyo hiyo na mpini wao unafika kifuani, lakini wetu lazima uukunjie mgongo. Bibi alipoushika mara ya kwanza alisema, "Pampu gani hii ya kuinamia, kama unasalimia wakwe?" Mwenye duka akasema fundi aliyeuchomelea lazima alikuwa amekaa kitako. Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Anayeusifu ni Kifutio peke yake, maana anaufikia bila kupanda juu ya kitu.

Bibi amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji na sasa hata majirani wa zamani wanamwita Mwenyekiti. Kwa kuwa mvua zimeanza, ameamua tukinge maji ya paa, na pampu ipumzike mpaka kiangazi. Ameifunga kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. "Kitunze kidumu," anasema. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna aliyesahau ile pampu ya kwanza, iliyochezewa mpaka ikafa, na fundi wa kuifufua hakuonekana. Sijawahi kumwona Bibi akiwa na furaha hivi.

Mimi niko darasa la saba. Mtihani wa mwisho ni Septemba, na ninataka sana kwenda sekondari. Tangu pampu ije sijachelewa shule hata siku moja.

Nina swali moja. Utakuja lini? Nakujua kwa picha na kwa mwandiko tu. Nikimuuliza Bibi anasema, "Shangazi yako ana kazi," kisha anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mwanao anayekungoja,
wa darasa la saba


Karakanani, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nina grisi mpaka viwikoni, nikaisoma nikiwa nimeishika kwa ncha za vidole kama samaki wa moto. Mimi ni mzima. Bado nakaa kile chumba cha nyuma ya karakana, na bado bati la juu linavuja palepale juu ya kitanda, ila nimehamisha kitanda. Msalimie sana Mama yako, na kaka yangu akirudi, na Kifutio. Mwambie mpini ni wake.

Sasa nisikilize vizuri. Fungueni pampu. Msingoje kiangazi, msingoje kikao cha kamati. Fungueni siku utakapopata barua hii.

Nitakueleza ili nawe ueleze wengine. Ndani ya bomba la pampu kuna kikombe kidogo cha ngozi. Ukivuta mpini, kikombe hicho hupanda na kushuka, na ndicho kinachonyonya maji. Ngozi hiyo huishi kwa kulowa. Pampu ikikaa bila kutumika, maji hushuka polepole, ngozi hukauka, hujikunja na kupasuka. Umewahi kuacha viatu vya shule juu ya paa likizo nzima? Ndivyo hivyo. Pampu haiharibiwi na kazi kama inavyoharibiwa na kukaa bure. Kila siku mtu avute, hata kama mvua inanyesha kutwa. Maji yakizidi, mwagieni miti.

Mgongo hauumi mtu akikunja magoti badala ya kiuno. Watazoea.

Barua hii naituma na muuza mitumba, anaondoka kesho. Kuhusu kuja, tutazungumza.

Shangazi yako


Nyumbani, 30 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo kutoka kwenye matope. Mvua za mwaka huu zimekuja na familia yao yote. Daraja limechukuliwa na maji, magari hayapiti, na muuza mitumba hajaonekana tangu wakati huo. Simu ya Mama hushika mtandao juu ya kichuguu tu, na mvua ikinyesha hata kichuguu kinakataa. Barua hii naimpa nesi wa zahanati, ambaye anazunguka kwa njia ya mlimani kwenda kuchukua dawa.

Baba alirudi, akatuletea sabuni na mabuti ya mvua, kisha akaondoka. Mama hajambo. Kifutio ameng'oka jino na analiweka mfukoni ili amwonyeshe kila anayemsalimia.

Sijapata jibu lako. Je, nilikosea kukuuliza utakuja lini? Kama ndivyo, chukulia sikuuliza.

Pampu iko salama kabisa. Bibi ameifunika kwa turubai na kufunga kamba ili isipate kutu. Kila jioni anakwenda kuitazama, anaizunguka, anarudi. Juzi mvua ilikatika kidogo, mama mmoja jirani akaja kuomba avute ndoo moja. Bibi akamwambia, "Mapipa yako yamejaa maji ya Mungu, unataka ya nini tena?" Yule mama akajibu, "Mwenyekiti, basi hata tuisalimie tu isitusahau." Watu wakacheka, lakini kufuli halikufunguliwa.

Shuleni nilikuwa wa pili katika hesabu. Aliyekuwa wa kwanza ni mtoto wa mwalimu wa hesabu. Sisemi kitu.

Mwanao


Karakanani, 14 Mei

Mwanangu,

Hukukosea kuuliza. Nilikujibu Machi, tena siku ileile niliyoipata barua yako. Kama barua hiyo haijafika, basi ishike hii, ukimbie nayo kwa Bibi.

Toeni turubai. Fungueni kufuli. Vuteni maji leo na kila siku. Ngozi iliyo ndani ya bomba ikikauka itapasuka, na pampu itavuta hewa tu.

Salamu zangu kwa Mama yako na Kifutio na jino lake. Naandika haraka, nesi ananingoja mlangoni na anatazama saa.

Shangazi yako


Nyumbani, 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea. Mama ana kikohozi kidogo. Baba yuko barabarani.

Barua zako zote mbili zimefika pamoja. Njia ya mlimani iliporomoka, nesi akakwama upande wa pili wa mto mpaka daraja lilipotengenezwa, akavuka siku moja na muuza mitumba, na ile ya Machi ilikuwa imelowa pembeni. Lakini tulikuwa tumekwisha kufungua pampu wiki iliyotangulia.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mapipa yalikauka, Bibi akatangaza siku. Watu walikuja na ndoo zilizosuguliwa kwa mchanga. Bibi alivaa nguo zake nzuri. Alifungua kufuli, akainama, akavuta mpini. Pampu ikahema. Akavuta tena, ikahema tena, kama mzee anayepanda mlima. Halikutoka tone. Mwenye duka akajaribu, fundi baiskeli akajaribu, mama jirani akajaribu. Hakuna aliyesema neno baya. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza Bibi zaidi. Mama jirani alichukua ndoo yake tupu, akamshika Bibi mkono, akasema, "Twende nyumbani, Mwenyekiti, jua kali."

Sasa tumerudi mtoni.

Barua zako nilimsomea Bibi kama kawaida, ukumbini, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga wa kuutazama uso wangu. Nilipofika pale unaposema pampu haiharibiwi na kazi kama inavyoharibiwa na kukaa bure, niliparuka. Bibi akasema, "Umeruka."

Nikasema, "Hapana, Bibi."

"Macho yako yamekaa mahali, na mdomo haujasema kitu. Mimi sijui kusoma barua, lakini kukusoma wewe najua. Rudi nyuma."

Nikarudi, nikapasoma. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akaniuliza jambo ambalo huuliza kila barua yako ikiisha: "Na mimi hakuniletea salamu?"

Nilitazama tena, Shangazi, mbele na nyuma. Kuna Mama, kuna Baba, kuna Kifutio. Nikamwambia labda umesahau. Akasema, "Hasahau huyo."

Je, kuna dawa ya ngozi iliyopasuka?

Mwanao


Karakanani, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi cha Mama yako kisichukuliwe kwa mzaha, aende kwa nesi. Na maji ya mtoni yachemsheni mpaka yatokote, yote, hata ya kusukutua. Msimwache Kifutio aende mtoni peke yake. Hili nalirudia: asiende peke yake.

Barua yako haina neno hata moja la shule. Huko nyuma kila barua ilikuwa na shule. Na mwandiko wako umelala upande mmoja kama wa mtu ambaye bega linamuuma. Sikuulizi unaamka saa ngapi kwenda mtoni wala unarudi kengele ikiwa imelia mara ngapi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Dawa ipo, tena ni ndogo. Ndani ya kifurushi hiki kuna vikombe viwili vya ngozi. Kimoja mkitie leo, cha pili kikae kwenye mafuta ndani ya kopo, kiwe akiba. Mpelekee pia fundi viatu hicho cha akiba akitazame, apime, ajifunze kukikata. Kijiji chenye fundi viatu hakina haja ya kungoja muuza mitumba.

Fanyeni hivi. Kiloweke kikombe ndani ya maji usiku kucha, kiwe laini kama sikio. Fungueni bolti za juu, fundi baiskeli ana spana zinazotosha. Inueni fimbo ya chuma, toeni kikombe cha zamani, wekeni kipya mdomo ukitazama juu. Rudisheni. Kisha pampu lazima inyweshwe kwanza: mimineni maji kutoka juu huku mtu anavuta. Maji hayo yawe yamechemshwa. Pampu haipewi maji ya mtoni, ikiyanywa itawarudishia.

Usimlaumu Bibi kwa kufuli. Ana sababu yake. Akitaka atakuambia, mimi siwezi.

Najua utaniuliza tena kwa nini nisije nikafanya mwenyewe. Kazi ni nyingi. Na mkiifanya wenyewe mtakuwa mnaijua hata nikiwa sipo.

Shangazi yako


Nyumbani, 6 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu ni ya Kifutio, ambaye anasema yake iandikwe peke yake. Mama alikwenda kwa nesi, kikohozi kimekwisha. Baba yuko nyumbani, alishika upande mmoja wa fimbo. Ulikuwa umeona sawa kuhusu shule. Mtoni ni mbali na foleni ni ndefu, kwa sababu kila mtu anangoja tope litulie, na mwalimu alikuwa amekwisha kuniambia nisipoonekana tena atatoa jina langu kwenye orodha ya mtihani. Sikutaka uhangaike na hilo pia.

Tulifanya kama ulivyoandika. Mimi nilisimama juu ya sakafu ya saruji na barua yako, nikawa nasoma mstari mmoja, wanafanya, nasoma mwingine. Fundi baiskeli alilalamika kwamba hajawahi kuamrishwa na karatasi. Baba akamwambia, "Ndiyo maana baiskeli zako zinarudi." Kikombe cha zamani kilipotoka kilikuwa kigumu kama ganda la kobe, kina ufa kutoka juu mpaka chini. Watu walikipokezana. Bibi alikishika muda mrefu kuliko wote, kisha akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Hiki nimekiua mimi kwa kukipenda." Mama jirani akajibu, "Sote tulikinga maji ya paa, Mwenyekiti. Usijipendelee."

Halafu ikafika pale pa kuinywesha pampu. Hakuna aliyekuwa amechemsha maji! Nilikuwa nimewasomea jana yake, na kila mtu alidhani mwenzake atachemsha. Bibi akaenda nyumbani, akarudi na mtungi wake wa maji ya kunywa, aliyoyachemsha asubuhi na kuyafunika kwa kitambaa. Akaumimina wote. Baba akavuta. Pampu ikahema, ikakohoa, ikatema kutu kidogo. Kisha, Shangazi, maji. Yalitoka kwa mkupuo mpaka yakajaza mabuti ya fundi baiskeli.

Kila mtu akavuta, na wote wakaugulia migongo yao kama desturi. Kifutio akapenya katikati ya miguu ya watu, akashika mpini kwa mikono miwili, akavuta mwenyewe, akajaza kikopo chake, akanywa. Bibi alikuwa anacheka na wengine. Ghafla akaacha. Akamtazama Kifutio, akautazama mpini, akaja akainama, akapapasa pale ulipochomelewa. Akamuuliza Baba, "Pampu hizi zinatoka karakana ipi?" Baba akatazama chini. Akasema, "Mama, si unajua kuna karakana moja tu."

Nyumbani Bibi aliniita ukumbini. Aliniambia mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Kwamba ulikuwa na mdogo wako wa kike, mwenye umri wa Kifutio. Kwamba ile pampu ya kwanza ilikuwa na mpini mrefu wa kufika juu ya kichwa chake. Siku hiyo yeye Bibi alikuwa shambani na wewe ulikuwa shule, mtoto akashikwa na kiu, akaenda pampuni na kikopo, akarukia mpini akashindwa, akaenda kunywa mtoni. Aliugua, na kabla hawajafika kwa daktari alikuwa ameondoka.

"Shangazi yako alikuwa na umri wako," Bibi alisema. "Nilimwambia, ungekuwepo ungemvutia maji. Alikuwa shule, na mimi ndiye niliyempeleka shule. Lakini uchungu hauchagui pa kupiga. Hakunijibu. Baadaye akaenda kujifunza ufundi. Nikadhani amenikasirikia hana la kuniambia. Kumbe jibu lake lilikuwa njiani miaka yote hii. Limefika kwa gari, likajengewa saruji, na mimi nikalifunga kufuli."

Nilitaka kumwambia pole, lakini akaniambia nichukue kalamu. Haya ndiyo aliyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Mwandikie: marahaba."

Nikasema, "Bibi, lakini hajakuamkia."

"Ameniamkia. Mwenye macho ya kuona mpini ule ataona ameinama. Mwandikie marahaba. Mwandikie lile neno nililomwambia halikuwa lake, lilikuwa langu, na nalichukua. Mwandikie mpini usiguswe, kina mama watazoea. Basi."

Nikauliza, "Nimwandikie aje?"

Akasema, "Mtu hakaribishwi kwao." Kisha akaenda kufagia kile chumba cha mwisho, ambacho tulikuwa tunaweka magunia. Magunia yako uani sasa, na mimi ndiye niliyeyatoa.

Kufuli nakutumia ndani ya kifurushi hiki. Bibi anasema mtalipatia kazi nyingine huko karakanani. Sasa kila alfajiri kuna zamu ya kuvuta pampu hata kama hakuna mwenye shida ya maji, na zamu ya kwanza ni yake. Fundi viatu amekata kikombe cha tatu, anasema ni rahisi kuliko soli.

Jana nilikuwa shuleni kabla ya kengele. Jina langu bado limo.

Mwanao


Karakanani, 18 Julai

Mwanangu,

Barua hii si yako, ila ni wewe utakayeisoma. Msomee Bibi ukumbini, mlango ukiwa wazi, wala usiruke kitu.

Mama, marahaba yako nimeipokea. Niliisomea kwenye benchi la kazi, mbele ya mafundi wenzangu, nao wakazima mashine. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitakuja na muuza mitumba Jumamosi inayofuata. Mpini ule nilimpimia mdogo wangu kwa kiganja changu, pale alipokuwa akinifikia kiunoni. Nilidhani hakuna atakayejua.

Usinipikie mapema, nitachelewa kufika nyumbani. Nitapita pampuni kwanza, ninawe vumbi, ninywe. Halafu nitakuja mlangoni kwako nikusalimie mwenyewe, ila nimeona si vizuri neno hilo likungoje mpaka Jumamosi, limekwisha kungoja sana.

Shikamoo, mama.